Benki inayotunza sadaka zetu ndiyo inayowapa mtaji watu wa kausha damu. Tuhamishe pesa?

Mhazini Mnyonge
Wakuu salaam. Naomba mawazo, na tafadhali msinitupie maandiko tu, maandiko tunayo ya kutosha.

Mimi ni mhazini wa usharika mmoja mkoani (siutaji, na mnaoujua nyamazeni). Tuna mfuko wa ujenzi, milioni 186, uko benki kwenye amana ya muda maalumu, unaiva mwezi wa tisa. Mwaka huu akina mama tisa wa kwaya na jumuiya wamebebewa makochi, friji na cherehani na kampuni moja ya mikopo, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Unachukua laki tatu, unarejesha kila wiki, ukichelewa siku moja faini, ukija kushtuka umeshalipa laki saba na bado unadaiwa. Mmoja kahama mtaa. Ibadani haji kwa aibu.

Juzi nikapata kujua kwamba kampuni hiyo mtaji wake inakopa benki. Benki gani? Hiyo hiyo tunayotunzia sadaka. Yaani mama anatoa fungu la kumi Jumapili, Jumatatu mimi nalipeleka benki kwa mkono wangu, benki inamkopesha bwana wa kausha damu, Ijumaa bwana anakuja na kirikuu kubeba kochi la mama yule yule.

Nikapendekeza kwenye baraza la wazee: tuiandikie benki, isipobadilika tuondoe mfuko. Nikawakumbusha makanisa ya Ulaya na Marekani yaliyozitolea pesa benki zilizokuwa zinawakopesha makaburu. Mzee mmoja akanijibu, "Zile zilikuwa hela za wazungu. Zetu hizi hata meneja hajui kama zipo." Nauliza: pesa za waumini ziliwahi kuibana benki kweli, au ni hadithi za kujipa moyo?

Kigoda cha Mbele
Nimekaa. Milioni 186 mmezificha halafu kila Jumapili mnatuambia mfuko wa ujenzi unapumulia mashine 😂

Mhazini Mnyonge
Mkuu, kapaue kanisa la watu elfu moja halafu urudi kucheka.

Mtoto wa Mazimbu
Mhazini, si hadithi. Nimekulia Morogoro, magazeti ya wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, tuliyasoma pale Mazimbu tukiwa watoto, na haya mambo yaliandikwa sana.

Lilianza miaka ya sitini, New York. Benki kumi za Marekani zilikuwa zimeipa serikali ya Afrika Kusini mkopo wa dola milioni 40 wa kuzungushwa, yaani ukiisha unafunguliwa upya. Mkopo ule uliwasaidia makaburu kuonyesha dunia kwamba bado wanaaminika hata baada ya mauaji ya Sharpeville ya 1960. Wanafunzi wa chuo cha teolojia cha Union wakaenda kwenye tawi la First National City Bank lililokuwa jirani na chuo chao wakafunga akaunti. Akaunti za wanafunzi! Hata nauli hazifiki. Lakini 1966 ikaundwa kamati kubwa chini ya A. Philip Randolph, yule kiongozi wa wafanyakazi wa treni, ikawataka watu na taasisi watoe pesa First National City na Chase Manhattan. Mwaka 1968 Bodi ya Misheni ya Wamethodisti ikaondoa uwekezaji wake wa dola milioni 10 pale First National City. Mwaka uliofuata ule mkopo wa milioni 40 haukuzungushwa tena.

Kwa hiyo mwambie mzee wenu zilianza na akaunti za wanafunzi wa uchungaji, ambao ni maskini popote duniani.

Bwana Hesabu
Naheshimu historia ya #4 ila asimalizie hadithi njiani. Mkopo ulipokoma 1969, serikali ya makaburu ilisema haiuhitaji tena. Uchumi wao ulikuwa unapaa. Na wakopeshaji wengine hawakukosekana, Ulaya ilijaa. Sasa nani alimwacha mwenzake, benki au mteja?

Nimefanya kazi benki miaka kumi na moja, idara ya mikopo. Milioni 10 za dola kwa benki kama ile ni mate tu. Na ninyi milioni 186, Mhazini usikasirike, kwa benki yenye amana za matrilioni meneja wa tawi atasikitika kwa sababu ya malengo yake ya mwezi, makao makuu hawatajua.

Mtoto wa Mazimbu
"Haiuhitaji tena." Sungura na zabibu hizo, Bwana Hesabu.

Bint Pangani
Bwana Hesabu nisaidie mimi wa sekondari. Hivi pesa yangu ikiingia benki inakopeshwa hiyo hiyo? Au inachanganywa?

Bwana Hesabu
Inachanganywa dada, kama maji ya mito mingi kwenye bwawa. Huwezi kusema kikombe hiki ni cha Pangani. Ndiyo maana hoja ya "fungu la kumi la mama linambebea kochi" ni nzuri kwa mahubiri, kihesabu haishikiki. Ila nikiwa mkweli, bwawa likipungua kila mtu anaona. Na benki inapenda amana za taasisi kuliko unavyodhani, kwa sababu hazikurupuki. Kanisa haliamki asubuhi likatoa pesa likanunue bajaji. Sasa jumlisha: usharika, shule za dayosisi, hospitali, mishahara ya walimu na manesi inayopita pale, wafanyakazi wale wanakopa kwa dhamana ya mshahara. Huyo si mteja mmoja. Akiondoka dayosisi nzima, kuna mtu makao makuu anaitwa ofisini kujieleza.

Mhazini Mnyonge
Kumbe! Post #5 ulinikatisha tamaa, #8 umenifufua.

Mkulima wa Mbozi
Wakati huo huo sisi wengine tumeshindwa hata kufungua akaunti kwa sababu ya makato. Endeleeni matajiri.

Kijana wa Likoni
Waungwana, Waislamu jambo hili tumeliishi siku zote. Pesa za msikiti hazikai pahala pa riba. Kenya tulipopata Gulf African na First Community 2008 kamati nyingi za misikiti zilihamia, na nyie Tanzania mna Amana Bank tangu 2011. Zamani babu yangu alikuwa mweka hazina wa msikiti, akaunti ya kawaida, faida ilipoingia alikuwa haigusi. Aliichukua akachimbia choo cha madrasa. Asema riba ni uchafu, nayo yaende panapokwenda uchafu 😅

Mama Kuruthumu
Mwanangu wa Likoni umenichekesha, ila umechanganya. Kujiepusha na riba ni jambo moja, kuibana benki ni jambo jingine. Babu yako aliitunza nafsi yake na pesa ya msikiti, Mungu amrehemu. Lakini benki haikuulizwa swali lolote. Ilikopesha kama kawaida kesho yake. Mhazini anauliza habari ya kwenda mlangoni na kusema: acheni hili, la sivyo tunaondoka.

Kijana wa Likoni
Shikamoo mama. Nimekubali nusu. Nusu ya pili: sisi tulipoondoka wengi, benki kubwa za riba zenyewe zikafungua madirisha ya kiislamu, yaani huduma zisizo na riba. Bila barua, bila maandamano. Waliona pesa zimepungua wakafikiri.

Mama Kuruthumu
Marahaba. Walifikiri biashara, baba. Lakini hewala, matunda ni matunda.

Ngosha_Msomi
Mbona mnasahau la kwetu? Mwalimu aliifukuza Barclays 1967 kwa sababu ilikuwa benki ya makaburu. Hatukusubiri makanisa.

Mtoto wa Mazimbu
Ngosha, taratibu. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, zilitaifishwa benki zote za biashara, si Barclays peke yake. Standard ilikuwepo, National and Grindlays ilikuwepo, zikaunganishwa kuwa benki moja ya umma, NBC. Sababu ilikuwa njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Makaburu hawakuwa hoja ya siku ile.

Ila Mwalimu ana nafasi yake humu. Oktoba 1970 alikwenda New York akazungumza na masista wa Maryknoll, akawaambia wazi kwamba Kanisa lisiposimama na wanaoonewa dhidi ya mifumo inayowafanya maskini, litaonekana liko upande wa waonevu. Mwaka huo huo Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilitoa dola 200,000 kwa vikundi 19 vilivyopinga ubaguzi wa rangi, FRELIMO wakiwamo, ambao Taasisi yao ya Msumbiji ilikuwa hapa hapa Dar. Ulaya kulikuwa na makelele: kanisa linanunua bunduki! Pesa ilitolewa kwa elimu na afya, lakini kelele hazikuisha. Miaka miwili baadaye, 1972 pale Utrecht, Baraza likaamua kuuza hisa zake katika kampuni zenye biashara kusini mwa Afrika na kutoweka amana katika benki zenye shughuli huko.

Ngosha_Msomi
Nimeelewa mkuu. Mwalimu wangu wa historia alinidanganya, namdai.

Shangazi wa Leicester
Wanangu, mimi nilikuwa mwanafunzi Uingereza miaka ya themanini mwanzoni. Wiki ya kwanza chuoni benki zote zinaweka meza ukumbini, zinagawa kalamu na mifuko, maana zinajua mwanafunzi ukimnasa na miaka kumi na minane unaye mpaka astaafu. Kwenye meza ya Barclays kulikuwa na wenzetu wamesimama na mabango, wanakuuliza kwa upole, "Unajua pesa yako inaenda wapi?" Nilikuwa sijui. Nikapita. Si kwa ushujaa, niliona aibu tu kupita mbele yao, na meza ya pembeni walikuwa na kalamu nzuri zaidi.

Novemba 1986 wakauza hisa zao za Afrika Kusini wakatoka. Nyuma ya yale mabango walikuwapo wachungaji. Kikundi cha kupinga mikopo kwa kusini mwa Afrika kilianzishwa 1974 na mchungaji wa Kimethodisti, nao walinunua hisa kidogo ili waingie kwenye mikutano ya wanahisa wakaulize maswali.

Kigoda cha Mbele
Shangazi amesusia ubaguzi kwa ajili ya kalamu 😂😂 naipenda hii familia

Shangazi wa Leicester
Na iliandika mpaka nikamaliza shahada.

Bwana Hesabu
Shangazi, shikamoo. Ushuhuda wako ndio unaonipa nguvu. Barclays hawakutishwa na akaunti za siku ile, zilikuwa tupu. Walihofia wateja wa miaka arobaini ijayo. Hapo nakubali.

Lakini kipigo chenyewe kwa makaburu kilikuja 1985 na hakikutoka kanisani. Mwisho wa Julai Chase Manhattan iligoma kuhuisha mikopo yake ya muda mfupi. Sehemu kubwa ya deni la nje la Afrika Kusini ilikuwa ya kulipwa ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo Chase ilipokunja jamvi wengine wote wakakimbilia mlangoni. Tarehe 15 Agosti P. W. Botha, rais wa Afrika Kusini, akatoa ile hotuba ya Rubicon, dunia ilitegemea mageuzi, yeye akatunisha kifua. Randi ikaporomoka, soko la hisa likafungwa siku kadhaa, Septemba wakatangaza hawalipi kwanza. Chase wenyewe walisema ni suala la hatari ya kibiashara. Vitongoji vilikuwa vinawaka tangu 1984. Mkopeshaji akiona nyumba ya mdaiwa inaungua hahitaji mchungaji wa kumshauri.

Mtoto wa Mazimbu
Na kwa nini Chase iwe ya kwanza? Benki iliyosumbuliwa na makanisa tangu 1966, wanahisa wenye kola nyeupe shingoni kila mkutano mkuu, miji na majimbo ya Marekani yanatishia kuondoa pesa za pensheni. Unapohesabu "hatari", si usumbufu huo nao unaingia kwenye hesabu? Faida ya Afrika Kusini ilikuwa kiasi gani mpaka uvumilie miaka 20 ya masista kuuliza maswali?

Halafu Oktoba ya mwaka ule ule Askofu Tutu na wachungaji Beyers Naudé na Allan Boesak wakaziomba benki zisiwape makaburu nafuu ya kupanga upya madeni mpaka serikali ing'atuke. Benki hazikukubali, nafuu ilitolewa. Hilo nalikubali kabla hujanikumbusha.

Bwana Hesabu
Nilikuwa naandika hilo 🙂

Mjeshi Mstaafu
Ninyi wote mnahesabu noti. Makaburu walikaa mezani baada ya mapigano ya Cuito Cuanavale, Angola, 1988 na baada ya vita baridi kulegea. Bunduki za Wakuba. Makuhani wakae pembeni.

Shangazi wa Leicester
Na vita vile vililipiwa na nini mwanangu, maharage?

Mchungaji Mwanafunzi
Naomba kuongeza mfano ambao wengi wanaupita. Martin Luther King, tarehe 3 Aprili 1968, Memphis, usiku wa mwisho wa uhai wake. Katika hotuba yake kila mtu anakumbuka sehemu ya mlima na nchi ya ahadi. Lakini kabla ya mlima alizungumzia benki! Alikuwa amekwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma, watu kama 1,300. Akawaambia wasikilizaji pale Mason Temple watoe pesa zao kwenye benki za katikati ya mji waweke Tri-State Bank, benki ya weusi iliyokuwa pale tangu 1946. Akataja mpaka maziwa na mikate ya kususia.

Kwa hiyo yeye hakusema "toeni" tu, alisema pia "pelekeni hapa". Mhazini, ninyi mkitoa mnapeleka wapi?

Mhazini Mnyonge
Mchungaji umenikamata koo. Hilo ndilo lililotufungia kikao. Wengine wanasema benki ya kanisa, wengine SACCOS yetu, mzee mmoja kasema tununue mahindi.

Mkulima wa Mbozi
Mahindi! Mzee huyo apewe ukatibu.

Bint Pangani
Benki za kanisa si zipo? Mkombozi ya Wakatoliki tangu 2009, Maendeleo ya Walutheri wa Mashariki na Pwani tangu 2013.

Bwana Hesabu
Zipo, dada, na zinafanya kazi. Lakini benki ya kanisa ni benki. Benki Kuu (BoT) haiipimi kwa zaburi, inaipima kwa mtaji. Januari 2018 benki tano zilifungwa kwa upungufu wa mtaji, Efatha ikiwamo. Na SACCOS, Mhazini, angalia: Bodi ya Bima ya Amana inakinga amana za benki, tena mpaka milioni 7.5 kwa mwenye akaunti. SACCOS haimo. Milioni 186 za watu usizipeleke mahali kwa uchungu wa moyo. Pia ukivunja amana kabla haijaiva faida inaliwa. Subiri Septemba, ila barua andika leo. Barua ya mwenye pesa inayokaribia kuiva inasomwa.

Kijana wa Likoni
Na kabla ya kuandika hakikisheni hamna hisa kwenye hiyo kausha damu wenyewe. Mnakumbuka Uingereza 2013? Askofu Mkuu Justin Welby alimwambia mkuu wa Wonga, kampuni ya mikopo ya riba kali, kwamba kanisa litawashinda kwa kuviimarisha vyama vya akiba na mikopo. Habari hizo zilipotoka tu, gazeti likafichua kwamba mfuko wa uwekezaji wa kanisa hilo hilo ulikuwa na pesa, kwa kupitia watu wa kati, kwa waliowekeza Wonga. Kama pauni 75,000. Askofu akakiri ni aibu. Kanisa likajitoa 2014.

Kigoda cha Mbele
Mhazini, milioni 186 zote ziko benki? Hakuna "kidogo" kwa bwana wa kirikuu? 👀

Mhazini Mnyonge
Mkuu nitakushtaki kwa mods.

Mama Kuruthumu
Mie naona wote mnatafuta jibu la nani aliangusha makaburu, hilo litawakesha. Swali la huyu kijana ni dogo. Wonga ilikufa 2018 na haikuuliwa na askofu peke yake, serikali iliweka ukomo wa riba, wateja wakadai fidia. Kwa hiyo Mhazini, barua moja kwa benki, na nakala BoT, maana kampuni za mikopo zinapewa leseni na BoT. Muulize meneja maswali matatu tu: mnaikopesha kampuni hii? Mnajua inatoza kiasi gani? Mnaweza kuiwekea masharti? Msianze na vitisho. Akijibu vibaya ndipo mtaje Septemba.

Mjeshi Mstaafu
Mama huyu angekuwa mkuu wetu tungeshinda mapema.

Mkopaji Mwaminifu
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi nimewahi kubebewa vitu. Wasiwasi wangu: benki ikiikatia mtaji kampuni ile, kesho tunakopa kwa nani? Benki yenyewe hainikopeshi, sina hati ya nyumba. Wale wanakuja mpaka gengeni. Nikatiwe kausha damu, sawa, lakini mniachie damu ya kuendeshea genge.

Bwana Hesabu
Hoja kubwa kuliko zote za uzi huu hiyo, na mimi sina jibu.

Mchungaji Mwanafunzi
Labda sehemu ya milioni 186 iwe dhamana ya mikopo ya akina mama ndani ya benki hiyo hiyo? Mnabaki, ila kwa masharti.

Bwana Hesabu
Na wakishindwa kulipa, dari la kanisa linabebwa na kirikuu.

Mhazini Mnyonge
Mrejesho wakuu, wiki tatu baadaye. Baraza lilipitisha barua kwa kura 9 kwa 6, maswali matatu ya Mama Kuruthumu kama yalivyo. Mzee aliyesema meneja hajui kama pesa zetu zipo alipiga kura ya hapana. Siku nne baada ya barua kufika, meneja alikuja ibada ya pili, suti, na mke wake. Hakujibu swali hata moja. Alitoa laki tano kwa ajili ya vipaza sauti, na kalenda za ukutani kwa wazee wote. Suala la amana tumeliahirisha mpaka Agosti.

Kigoda cha Mbele
Kwa hiyo sasa hivi hiyo laki tano mmeiweka benki gani?

Mhazini Mnyonge
Iko kwenye kasha la usharika. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao mama mmoja wa kwaya, yule aliyebebewa cherehani.